Mhariri, herufi za mapambo zimemkosesha mjomba harusi ya mpwa wake

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Mikindani. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua mana nina jambo limenikaa moyoni tangu msimu wa korosho uishe, na kila wiki nikiletewa kadi mpya naona yaleyale yanarudiwa, nimeshindwa kunyamaza. Ni hizi herufi za mapambo, zile za kujikunjakunja zenye mikia mirefu kama mizizi ya mkoko, zinazowekwa kwenye kadi za harusi, kadi za michango, vyeti vya mahafali, siku hizi mpaka kwenye vibao vya makaburi. Vijana wa steshenari wanaziita skripti, wengine wanasema tu fonti za harusi.

Kwanza niseme wazi, mimi nazipenda. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na mwandiko ndo lilikuwa somo langu, na mwenyewe nilijifunzia kalamu ya kuchovya, lile dawati la zamani lenye tundu la kidau cha wino kwenye kona, ukichovya sana doa, ukichovya kidogo kalamu inakwaruza karatasi. Kwahiyo nikiona herufi imepanda nyembamba ikashuka nene nafurahi kwakweli, najua kuna mkono nyuma yake hata kama imetoka kwenye kompyuta. Mtu asije akasema mzee huyu hapendi vitu vizuri.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Binti yangu wa pili ameolewa mwaka huu. Huku kwetu mnajua, pesa ya korosho ikishalipwa ndo harusi zinafuatana, Jumamosi moja unaweza ukawa na kadi tatu mkononi na zote za ndugu. Kadi zetu tulitengeneza kwenye duka moja mjini, silitaji jina mana yule kijana alifanya tulichomwomba na mimi mwenyewe ndo niliyesema hapohapo printi. Alituonyesha kwenye kompyuta, akaikuza mpaka ikajaa kioo kizima, majina ya maharusi yanang'aa kwa rangi ya dhahabu, mke wangu akasema mashaallah, binti akapiga picha akawatumia wenzake. Tukaagiza kadi 200. Kila neno kwenye ile kadi lilikuwa kwa herufi hizohizo, kuanzia mstari wa juu kabisa mpaka namba za simu za kamati kule chini. Na siku ya harusi iliwekwa kwa herufi kubwa tupu, yani JUMAMOSI nzima, kila herufi na madoido yake, zimesongamana pale kama abiria wanaogombea mlango wa basi.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anakaa kijijini huko Newala. Msomaji ambaye sio wa kusini aelewe kwamba kwetu mjomba hahesabiwi kwenye wageni waalikwa, mjomba ndo mwenye mtoto. Wamakonde tunahesabu ukoo upande wa mama, kwahiyo posa inamsubiri yeye, mahari inamsubiri yeye, na binti hatoki nyumbani mjomba hajasema neno lake. Mimi baba nipo, na mbele ya shehe walii ni mimi, ila ndani ya ukoo mwenye kauli ni mjomba. Kadi yake tulimpa konda wa basi ikafika siku hiyohiyo, akapiga simu, nimeipata nashukuru, nitakuja. Mke wangu akamwambia kila kitu kipo kwenye kadi kaka. Tukaridhika kabisa. Ndugu wa mjini walikuwa na grupu la WhatsApp, kila siku wanakumbushana, yeye hana simu ya hivyo, yeye alikuwa na kadi.

Harusi ilikuwa Jumamosi tarehe 21. Asubuhi hatumwoni. Tunapiga simu haipatikani, yupo shambani na huko kupata mtandao mpaka upande kichuguu. Adhuhuri ikapita, upande wa mume wameshakaa mkekani, mshenga wao anauliza kwa adabu, "Mjomba bado?" tunajibu yupo njiani. Ikaingia alasiri, yupo njiani. Mwisho ikabidi mdogo wake akae nafasi yake, naye ni mjomba lakini hata yeye mwenyewe alikaa upande upande kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe, na binti ndani analia wanja wote umeshuka mashavuni. Saa 2 usiku ndo simu ikapokelewa. Shemeji ana furaha zake, anauliza, "Vipi maandalizi shemeji, mimi naingia Alhamisi jioni ili Ijumaa niamkie hapo." Nikaishiwa nguvu. Yeye alisoma tarehe 27.

Nilipomweleza alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi shemeji, mwambieni mtoto baraka zangu anazo," akakata.

Wiki iliyofuata nilipanda gari nikaenda Newala kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, tukala, hakugusia kitu mpaka tumenawa. Ndo akaingia ndani akatoka na ile kadi, ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni akaiweka katikati ya msahafu. Akavua miwani yake akanipa, akaniambia, "Wewe mwalimu shemeji, nisomee."

Mhariri, niliiinua ile kadi nikaielekeza mlangoni kwenye mwanga. 2 inaonekana, haina tatizo. Ile 1 inayofuata imeanza na kimstari chembamba kinatokea mbali kushoto, kinapanda, kinajipinda kwa juu, afu mwili wake unashuka umelala kwa ulalo. Ukiwa unajua kuwa ni 1 utaiona 1. Mtu asiyejua ataona 7, na 7 nzuri tu. Nikamwuliza, na siku je, si imeandikwa Jumamosi? Akaniwekea kidole pale. J ya fonti ile na I ya fonti ile ni watoto pacha, baada ya hapo unaona U unaona M unaona A, na zilizobaki zimefungamana kiasi kwamba jicho linakata tamaa. Yeye ile ya mwanzo aliichukua kuwa I na J pamoja, akasoma I, J, U, M, A, akaenda kwenye kalenda akaona tarehe 27 ni Ijumaa, na Ijumaa siku njema ya kufunga ndoa, kila kitu kikakaa sawa. Alisoma vizuri kuliko ilivyoandikwa. Sikuwa na la kumjibu, nilimrudishia miwani yake.

Tangu siku hiyo nimeanza kuzifuatilia hizi herufi. Nina mpwa wangu anafanya kazi za dizaini hapo Mtwara mjini, nikamwambia mwanangu nifungulie huo mtambo unionyeshe zinatoka wapi. Akanionyesha orodha, Edwardian Script, Kunstler Script, Palace Script, Vivaldi, zote hizo zinakuja pamoja na programu za Microsoft Office, ndo mana kadi ya Lindi na kadi ya Masasi zinafanana utadhani zimetoka duka moja. Kuna nyingine ya bure inaitwa Great Vibes watu wanaishusha mtandaoni, hiyo sasaivi imejaa kila mahali. Na kwenye kompyuta za Apple kuna moja inaitwa Zapfino, hiyo kwakweli nilipoiona nilikaa chini. Imechorwa na Mjerumani mmoja Hermann Zapf, alizaliwa 1918 akafariki 2015, alikuwa fundi wa kaligrafia maisha yake yote, na fonti hiyo ilitoka 1998 wakati yeye ni mzee wa karibu miaka 80. Herufi moja ina maumbo kadhaa, kompyuta inachagua umbo la kuweka kulingana na jirani yake, kama mwandishi wa mkono anavyofanya, mana mkono wa mtu hauandiki a mbili zinazofanana. Mpwa wangu akaandika neno Zapfino lenyewe, na neno lote likajikunja likawa umbo moja kama saini. Ni kazi ya mtu aliyeipenda kazi yake.

Ila zile za kwetu za kila siku, za kadi, asili yake ni Uingereza ya miaka ya 1600 na 1700. Walikuwepo walimu wa mwandiko, kazi yao ni kufundisha vijana wa makarani na wafanyabiashara, wanaandikia manyoya ya bata bukini yaliyochongwa ncha. Wakitaka kuchapa vitabu vya mifano ya miandiko yao, fundi anachonga maneno kwenye bamba la shaba kwa kijembe kidogo chenye ncha kali, na kwenye shaba unaweza kuchora mstari mwembamba kama unywele na ukatokea kwenye karatasi. Mmoja wa walimu hao aliitwa Charles Snell, wa London, na mwandiko wake ndo uliofuatwa na Matthew Carter miaka ya 1960 akachora fonti inayoitwa Snell Roundhand. Mwalimu mwenzangu alishakufa siku nyingi na mwandiko wake bado unaandika kadi za watu, nilifurahi kulijua hilo. Edwardian Script nayo ya kwenye kadi yetu ilichorwa 1994 na Mmarekani Edward Benguiat, akafuata tabia ya nibu ya chuma ile inayopanuka ukiikandamiza. Ukishuka unakandamiza, mstari unanenepa. Ukipanda unalegeza, unabaki unywele. Ndo tulivyofundishwa sisi.

Sasa hapo kwenye unywele ndo pa kuangalia. Ule unywele ulitengenezewa bamba la shaba na karatasi nzuri na jicho lililo karibu. Sisi tunaupeleka kwenye printa ya steshenari ambayo tona imekaribia kuisha wanaitikisa wanairudishia, afu kadi ya kamati inatolewa fotokopi, afu mtu anaipiga picha kwa simu anaituma WhatsApp, na WhatsApp inaibana ile picha ili iwe nyepesi, kila hatua inakula ule mstari mwembamba kidogokidogo mpaka inabaki minene tu, vipande vipande, na hivyo vipande ndo tunamwambia bibi asome. Herufi hizi zinashikana mikono, mikono yenyewe ndo hiyo miembamba. Ukiondoa mikono hakuna tena neno.

Na kitu kingine alichonionyesha mpwa wangu kwa kupima na rula. Aliandika neno moja kwa fonti ya kawaida ukubwa 14 na chini yake neno hilohilo kwa skripti ukubwa huohuo 14. Ile ya skripti herufi zake ndogo zilikuwa kama nusu ya zile za juu. Mana nafasi nyingi imeliwa na mikia inayopanda na inayoshuka, mwili wa herufi wenyewe ni mdogo sana. Kwahiyo mtu wa steshenari anakwambia nimekuwekea 14 mzee inasomeka, na kwa namba hakudanganyi, lakini kinachosomwa ni cha 7 au 8. Fonti hizi zinataka 30, 40 kwenda juu, zikae peke yake katikati ya nafasi nyeupe, zipumue. Ndo zilivyozaliwa, ni za maneno machache yanayotazamwa kwa mbali au kwa utulivu.

Herufi kubwa tupu ndo kosa linaloniuma kuliko yote na ndo limejaa zaidi huku kwetu. Ile herufi kubwa ya skripti ni bwana harusi, inatakiwa mmoja kwenye neno, wadogo wanafuata nyuma. Unapoandika MWANAHAMISI yote kapitali kwa Kunstler au Edwardian umeweka mabwana harusi kumi na moja kwenye mkeka mmoja. Hazikuchorwa kushikana zenyewe kwa zenyewe, hazina hata pa kushikana. Afu majina yetu ya kusini yana N na M za kutosha, kuna Nachingwea, kuna Nanyamba, kuna Mnazi Mmoja, na N kubwa na M kubwa na W na H za skripti zote zinaanza na kitanzi kilekile, mgeni asiyejua mahali hawezi kubahatisha. Bado sijagusa ng' yetu. Kile kibonye cha juu kinakatisha mkono wa g, herufi inayofuata inaanza upya kama haikuwepo, Mang'oma anakuwa Mang halafu oma. Waliochora hizi fonti wameunganisha vizuri herufi za kwao, ff na fi na Th, wameziunda kwa umbo moja. Sisi ff hatuna. Siwalaumu, hawakutufikiria mana hawakutujua, ila sisi wenyewe tunaojua majina yetu ndo tunapaswa kuyajaribisha kwanza kabla ya kulipia kadi 200.

Wapo watakaosema mzee unatuletea uzungu, mapambo ni mapambo. Hapana. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, hapahapa Mikindani, anachonga kalamu ya mwanzi kwa kisu kidogo tukiwa tumemzunguka, kichwa cha kalamu anakikata kwa mshazari, anajaribu kwenye kucha kwanza. Yeye aliandika hati mbili. Akiandika kibao cha kuweka juu ya mlango, jina la Mungu au jina la Mtume, aliandika thuluthi, hati nene ndefu yenye kupandana, herufi zinakaa mgongoni mwa nyingine, na hiyo hata mtu asipoisoma yote anaijua kwa kuiona. Akituandikia somo kwenye ubao tulisome, aliandika naskhi, kila herufi mahali pake, kila nukta mahali pake. Sikumbuki hata siku moja ametuandikia somo kwa thuluthi. Ukienda kwenye misikiti mingi yenye maandishi ya khati utakuta hivyohivyo, thuluthi ipo ukutani na kwenye kuba, msahafu wa kusomwa umeandikwa naskhi au hati nyingine iliyo wazi. Mafundi wa khati walishalimaliza hili suala karne nyingi, hati ya kutazama na hati ya kusoma hazigombanii sehemu moja.

Na sio mbali na sisi. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zipo mpaka leo kwenye hifadhi ya nyaraka huko Goa, India. Kilwa hiyohiyo ya mkoa wa Lindi. Watu walikuwa na shida zao, wanawaandikia Wareno wa Msumbiji na wenzao wa huko, barua inavuka bahari, na zaidi ya miaka 300 baadaye wataalamu wamezifungua wamezisoma. Barua yangu mimi ya kutoka Mikindani kwenda Newala, safari ya basi tu, imefika haisomeki.

Ama tuseme basi kanga. Hakuna Mswahili asiyejua kanga. Pindo zinajaa maua na nakshi mpaka macho yanachoka, mji wa katikati una mchoro mkubwa, rangi zinapiga kelele, lakini jina la kanga, yale maneno ya chini, angalia yalivyoandikwa, herufi za kawaida kabisa zilizosimama wima, mtu anakusoma ukiwa umempa mgongo na unatembea. Aliyeiunda kanga hakukosa mapambo ya kuweka kwenye jina. Aliyaacha makusudi ili ujumbe ufike kwa aliyekusudiwa. Kadi ya harusi ingefuata kanga tu isingekosea, majina ya maharusi ndo mji wa kanga, yapambe utakavyo, weka dhahabu, weka mikia mpaka ukingoni mwa karatasi. Siku, tarehe, saa, mahali na namba ya simu hayo ndo jina la kanga.

Kuhusu namba za simu nisiseme sana, kila mwenye kamati anajua. Kadi za mchango zinazunguka, mtu anataka kutuma elfu kumi yake au ishirini, namba ina 1 na 7 na 0 na 6 za kujikunja, anatuma kwa mtu mwingine kabisa, kisha mnaanza kumtafuta huyo mtu mrudishiane. Wengine hawatumi kabisa wanaogopa. Vyeti vya watoto wa chekechea navyo ni hivyohivyo, jina la mtoto mzazi analitafuta kama sindano, wakati cheti kizima kingekuwa na neno CHETI tu la mapambo na jina la mtoto kwa skripti kubwa yenye herufi kubwa moja mwanzoni, mengine yote herufi za kusoma, kingekuwa kizuri kuliko sasaivi.

Vijana wa steshenari nawaomba, najua mteja ndo mfalme na mteja anakwambia weka yote hayohayo yanapendeza. Mwelekeze. Usimwonyeshe kwenye kioo ukiwa umeikuza, mtolee moja kwenye karatasi kwa ukubwa wake uleule, printa ileile itakayotumika, umpe aishike mkono ukiwa umenyooka. Hiyo karatasi moja haizidi shilingi mia chache. Na mkitanua nafasi kati ya herufi ili mstari ujae mnakuwa mnaikata mikono ya herufi, mstari ukiwa mfupi uacheni mfupi, ukae katikati. Kamati za harusi nanyi, kabla hamjasema printi mpeni kadi mzee mmoja ambaye hajui harusi ni lini, mwambieni asome kwa sauti. Msimsaidie. Akikwama mahali, hapo pabadilishwe fonti. Sisi ile kadi tuliisoma watu wanane na wote tulikuwa tunajua ni tarehe 21, kwahiyo wote tuliona 21.

Shemeji amesamehe, ni mtu wa aina hiyo. Binti na mume wake walienda Newala wakakaa siku tatu, akawatolea korosho na unga wa muhogo na maneno yake aliyotaka kuyasema siku ile akayasema barazani kwake. Mke wangu ndo bado, akiona kadi yoyote ya dhahabu anaigeuza kichwa chini juu ya meza.

Mdogo wake huyu binti naye ameshachumbiwa. Mpwa wangu ametengeneza kadi, majina yapo kwa Zapfino, alikopa kompyuta ya rafiki yake kwa ajili hiyo, yanapendeza mno, K ya jina la bwana harusi imepitisha mkia wake chini ya jina lote. Chini yake siku na tarehe vimeandikwa kwa herufi za kawaida nene, na tarehe tumeiweka kwa tarakimu na kwa maneno. Hatujaprinti bado. Ninayo moja kwenye bahasha, Alhamisi naipeleka Newala kwa mkono wangu, na miwani namwachia yake mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara